Kuugua, Kuuguza na Kustahimili: Hali ya Kazi ya Wauguzi katika Kitale na Bungoma

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyepitia shule ya upili nchini Kenya anaifahamu sajili ya hospitali. Vitabu vya kiada huitaja sambamba na sajili ya mahakama, ya biashara na ya dini, kisha huorodhesha sifa zake: ina msamiati maalumu kama vile dawa, sindano, wodi na dripu, hutumia tafsida, huchanganya ndimi, ni lugha ya upole inayompa mgonjwa matumaini. Mtahiniwa huzikariri sifa hizo, akaziandika katika mtihani, akapata alama zake. Lisiloulizwa ni upole huo hutoka wapi na hutoweka lini. Anayetarajiwa kuzungumza kwa upole ni mtu aliye kazini, aghalabu mwanamke, ambaye huenda amekuwa kwa miguu yake tangu jioni, ana wagonjwa wengi kuliko awezavyo kuwafikia, na glavu zilizobaki katika kasha anazihesabu.

Makala haya yanaeleza hali ya kazi ya wauguzi katika hospitali na zahanati za umma za Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, na namna wanavyoyakabili matakwa ya kazi hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba njia nyingi anazotumia muuguzi kustahimili ni za kilugha: jinsi anavyomwita mgonjwa, anavyonyamaza, anavyotania na anavyofoka. Njia hizo humkinga yeye, lakini baadhi yazo humwumiza anayeuguzwa. Kwa hivyo haitoshi kumlaumu muuguzi kwa ukali wa ulimi wake, wala haitoshi kumtetea kwa kutaja uchache wa vitanda. Mambo hayo mawili sharti yasomwe pamoja.

Muuguzi, nesi, sista, daktari

Kimofolojia, nomino muuguzi imetokana na kitenzi ugua kilichonyambuliwa kuwa uguza. Mwanafunzi anayeanza kujifunza minyambuliko hutatizwa na kitenzi hiki, kwa sababu kwa umbo lake kingepaswa kuwa na maana ya kumfanya mtu augue, ilhali wazungumzaji hukitumia kwa maana ya kumtunza aliyekwisha kuugua. Katika matumizi ya kale, anayeuguza si mtaalamu. Ni mama, dada, mke au jirani anayekaa kando ya kitanda, anayemlisha mgonjwa uji na kumgeuza ubavu. Mwenye ujuzi maalumu aliitwa mganga au mkunga. Fasihi ya Kiswahili inawafahamu hao wawili vizuri zaidi kuliko inavyomfahamu muuguzi wa hospitalini. Wasomaji wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) hawajamsahau mkunga Bi Farashuu, lakini ni vigumu kumtaja muuguzi mwenye sare aliyepewa nafasi kama hiyo katika riwaya zetu.

Hospitali ilipokuja, ilikuja na majina yake. Nesi ni neno la Kiingereza lililotoholewa. Sista limeingia kwa milango miwili: kwanza kama cheo cha uuguzi katika hospitali za Waingereza, na pili kupitia watawa wa Kikatoliki waliouguza katika hospitali za misheni. Muuguzi lilibaki kuwa neno la taarifa ya habari, la mtihani na la hotuba. Katika wodi za Kitale na Bungoma ni nadra kumsikia mgonjwa akiita "muuguzi!"; ataita "sista", hata kama anayeitwa si mtawa, na wakati mwingine ataita "daktari".

Jina hili la mwisho linastahili kuzingatiwa. Katika mfumo wa afya wa Kenya, zahanati ni kituo cha ngazi ya pili, na kwa kawaida anayeisimamia ni muuguzi. Yeye ndiye hupima, hutibu, huchanja watoto, huzalisha, hushona majeraha madogo, hutoa dawa, huagiza dawa nyingine zinapopungua, hujaza rejesta za kila mwezi na kuwaandikia barua ya rufaa wale wasioweza kutibiwa pale. Mwanakijiji anayemwita daktari hakosei sana. Analitaja jukumu analoliona mbele yake. Anayekosea yamkini ni yule anayemlipa, ambaye humpa majukumu ya watu watatu na mshahara wa mmoja.

Mahali na mzigo wake

Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, eneo la mahindi lililokuwa sehemu ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru mashamba hayo yaligawanywa, na jamii nyingi zikahamia: Wabukusu, Wasabaoti, Wanandi, Waturkana, Wapokot, Wakikuyu, Wakisii na wengineo. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti hiyo ina watu wapatao 990,000. Hata hivyo hospitali yake kuu haiwahudumii hao pekee. Iko mahali ambapo barabara inayotoka Lodwar na Kapenguria hushukia, hivyo wagonjwa wa rufaa kutoka Pokot Magharibi, na wengine kutoka Turkana iliyo mbali zaidi, hufikia hapo kabla ya kupelekwa Eldoret. Muuguzi wa Kitale anaweza kukutana katika asubuhi moja na wagonjwa wa lugha mama tano au sita. Kiswahili ndicho daraja, na panapokosekana hata hicho, hutafutwa mgonjwa mwingine, mfagizi au mlinzi wa langoni afasiri. Siri ya mgonjwa, ambayo vitabu vya kiada husema ni sifa ya sajili ya hospitali, hupitia masikio ya watu watatu kabla ya kuandikwa katika faili. Na huandikwa kwa Kiingereza.

Bungoma ina watu wengi zaidi, zaidi ya 1,670,000 kwa sensa hiyohiyo. Hapa Lubukusu ndicho kimetawala, pamoja na Lutachoni, Kisabaoti na Kiteso. Muuguzi mzawa husalimu kwa "mulembe" na kumwita bibi kizee "kukhu", na mlango hufunguka mara moja. Lakini uzawa una gharama yake. Anayekujua ni mtoto wa nani hutarajia kuhudumiwa mbele ya wengine, na akikosa, habari hufika nyumbani kabla yako. Aidha mji uko kando ya barabara kuu iendayo Malaba na Uganda, barabara ya malori na ya matatu, na ajali huleta majeruhi kwa wingi bila taarifa. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu huongeza kazi: baadhi ya familia siku hizi huwapeleka wavulana kutahiriwa hospitalini, na wengine hufikishwa huko wakivuja damu baada ya kisu cha nyumbani.

Kuna pia miaka ambayo kazi hii ilipita mipaka yake ya kawaida. Kati ya 2006 na 2008 eneo la Mlima Elgon lilikumbwa na vita vya wanamgambo wa SLDF na, kuanzia Machi 2008, operesheni ya kijeshi iliyowakabili. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Kitale uligeuka kambi ya waliofurushwa makwao. Katika hali kama hiyo muuguzi haji kazini kutoka mahali pengine penye amani. Huishi mtaa uleule, na jina lililobandikwa kifuani mwake hutaja kabila lake kwa kila mgonjwa ajuaye kusoma.

Uhaba wa wauguzi si wa kaunti hizi mbili tu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2006, lilikadiria kwamba nchi inahitaji angalau madaktari, wauguzi na wakunga 2.3 kwa kila watu 1,000 ili kutoa huduma za msingi. Nchi 57 hazikufikia kiwango hicho, Kenya ikiwa mojawapo. Ajabu ni kwamba wakati huohuo Kenya ilikuwa na wauguzi waliohitimu wasio na ajira. Katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, serikali ilisimamisha uajiri katika utumishi wa umma. Vyuo viliendelea kufunza, wodi ziliendelea kujaa, na kati ya chuo na wodi mlango ulikuwa umefungwa. Leo KMTC, Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, kina matawi Kitale na Bungoma kwenyewe. Mhitimu anaweza kuiona hospitali inayomhitaji kutoka dirisha la darasa lake, akakosa nafasi humo.

Neno "bure"

Tarehe 1 Juni 2013, siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba akina mama wangejifungua bila malipo katika hospitali zote za umma. Lilikuwa tangazo jema, na nia yake haipaswi kubezwa. Wanawake wengi walikuwa wakijifungulia nyumbani kwa kuogopa gharama. Waliitikia. Wodi za wazazi zilizokuwa zimejaa zikafurika. Lakini tangazo lilianza kutumika siku lilipotolewa, na wauguzi hawaongezeki kwa tangazo. Muuguzi wa stashahada huchukua miaka zaidi ya mitatu kufunzwa. Zaidi ya hayo, mwaka huohuo wa 2013 ndio ugatuzi ulipoanza, na huduma za afya pamoja na watumishi wake zikahamishwa kutoka serikali kuu hadi kaunti zilizokuwa bado zinatafuta ofisi. Katika kaunti kadhaa za nchi mishahara ilichelewa, na haikuwa wazi ni nani wa kuulizwa.

Kiswahili kina neno moja, bure, kwa mambo mawili. Cha bure ni kisicholipiwa. Kazi bure ni kazi isiyo na faida. Yaliyotokea Bungoma miezi miwili baada ya tangazo yanaonyesha jinsi maana ya kwanza inavyoweza kuteleza hadi ya pili.

Tarehe 8 Agosti 2013, mama mmoja mja mzito alifika katika hospitali ya rufaa ya Bungoma. Kwa mujibu wa ushahidi uliokubaliwa na mahakama baadaye, ilimbidi anunue dawa ya kuanzisha uchungu, ingawa huduma ilisemwa kuwa ya bure. Uchungu ulipozidi usiku alitembea peke yake hadi chumba cha kujifungulia, kama alivyokuwa ameelekezwa. Vitanda vyote vilikuwa na watu. Aligeuka kurudi wodini, akaanguka ushorobani, akapoteza fahamu, akajifungulia sakafuni. Alipozinduka, wauguzi wawili walikuwa wakimpiga makofi na kumfokea kwa kuichafua sakafu. Waliamuru abebe kondo la nyuma mwenyewe na kurudi kwa miguu katika chumba kile. Mgonjwa mwingine alirekodi tukio hilo kwa simu, na wananchi wakaliona katika vyombo vya habari.

Mwaka uliofuata kesi iliwasilishwa katika Mahakama Kuu ya Bungoma. Tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki za mama huyo za utu na za afya, zilizomo katika Katiba ya 2010, zilikiukwa. Aliamuru alipwe fidia ya shilingi 2,500,000 na aombwe radhi. Kwa mada ya makala haya, sehemu iliyo muhimu zaidi ya hukumu ni ile inayoelekeza kidole juu zaidi ya wauguzi wawili: serikali ya kitaifa na ile ya kaunti zilipatikana na hatia ya kutotenga rasilimali za kutosha, na ya kutosimamia viwango vya huduma ya bure iliyoahidiwa.

Wapo waliosoma hukumu hiyo kama kinga ya wauguzi, na wapo walioisoma kama shutuma yao. Si kinga. Hakuna uhaba unaoinua mkono na kumpiga kofi mtu aliyezirai. Mkono huo ni wa mtu. Lakini pia wauguzi hao hawakuumba idadi ya vitanda, wala hawakuulizwa kabla ya tangazo la Juni. Waliachwa wakae kati ya ahadi na sakafu. Na aliyekuwa mbele yao, ambaye wangeweza kumfokea bila kuogopa, hakuwa Rais wala gavana.

Kustahimili

Wasomi wa saikolojia huligawa suala la kukabiliana na shinikizo katika njia kuu mbili, kwa kufuata Richard Lazarus na Susan Folkman (1984): kulikabili tatizo lenyewe, au kuzikabili hisia zinazoletwa na tatizo lisiloweza kubadilishwa. Kiswahili kina neno linaloelekea zaidi upande wa pili, nalo ni kustahimili. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, mzizi uleule uliotupa hamali, yaani mchukuzi, na himila, neno linalotumika kwa mzigo na kwa ujauzito. Katika wodi ya wazazi, basi, mjamzito na anayemhudumia wote wawili wako katika mzizi mmoja. Kila mmoja amebeba, na kila mmoja anamtazamia mwenziwe amtue.

Njia ya kwanza ya kustahimili ni ya mpangilio wa kazi. Muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi, kazi hugawanywa kwa vitendo badala ya watu: huyu anapima presha na joto wodi nzima, yule anadunga sindano wodi nzima, mwingine anabadilisha bendeji. Kazi humalizika. Lakini hakuna mgonjwa aliye wa muuguzi yeyote. Hapo ndipo majina hubadilika, na mgonjwa akawa "kitanda cha nane", "yule wa sukari", "yule wa ajali ya jana". Isabel Menzies alilichunguza jambo hili katika hospitali moja ya London na kuchapisha matokeo mwaka 1960. Alieleza kwamba kumwita mgonjwa kwa nambari ya kitanda au kwa ugonjwa wake si ukosefu wa adabu tu, ni ngome. Anayeuguza watu wanaoteseka na kufa akimkaribia kila mmoja kwa jina lake, hatamaliza mwaka. Mfumo mzima wa wodi humsaidia asikaribie. Menzies alibaini pia kwamba ngome hiyo humnyima muuguzi kile kilichomleta kazini, yaani furaha ya kumwona mtu fulani akipona, na wanafunzi wengi wa uuguzi waliiacha kazi kwa sababu hiyo.

Ukiitazama wodi ya Kitale kwa jicho la Menzies, jambo moja hutofautiana. Hapa jina la mgonjwa haliachwi kabisa, bali hufunikwa kwa istilahi za ukoo. Mgonjwa mzee ni "mzee", "baba" au "kukhu". Mjamzito ni "mama", hata akiwa msichana wa miaka 16. Istilahi hizi huleta joto na wakati huohuo huweka umbali, kwa sababu kila mtu ni mama, na anayeitwa kama kila mtu hajaitwa kwa upekee wake. Isitoshe, istilahi za ukoo huja na mamlaka ya ukoo. Anayeitwa mama na sista anaweza pia kukemewa kama mtoto na dada mkubwa. Upole na ukali hutoka kinywa kimoja, kwa majina yaleyale.

Njia ya pili ni kumrejesha muuguzi wa kale. Ndugu wa mgonjwa humwogesha, humlisha, humpeleka msalani, huangalia dripu na kumwita sista inapokaribia kuisha. Hospitali huwahesabu kama wageni na ina saa maalumu za kuwapokea, lakini bila wao kazi ya wodi isingetendeka. Kwa maneno mengine, anayeuguza kwa maana ya asili ya kitenzi hicho bado yuko palepale kando ya kitanda, na mwenye sare amekuwa msimamizi wake. Mgonjwa asiye na ndugu, kwa mfano aliyeletwa na polisi kutoka barabarani, ndiye huonyesha pengo.

Njia ya tatu ni maneno madogo. "Pole" husemwa kabla ya sindano na baada yake. Kiswahili kimebahatika kuwa na neno linaloshiriki kumfariji mtu na kutembea taratibu, lakini muuguzi mmoja wa wodi nzima huwa na pole ya kwanza bila kuwa na ya pili: anafariji upesiupesi. "Subiri kidogo" ni ahadi isiyo na saa. Kifo hakitajwi, mgonjwa "ametuacha" au "amepumzika", na kitanda hutandikwa upya. Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983, aliita shughuli ya namna hii kazi ya hisia, akiwatumia wahudumu wa ndege kama mfano: mtu hulipwa ili aonyeshe uso fulani, na uso huo humchosha kama mzigo wa mikono. Tofauti ni kwamba mhudumu wa ndege hufunzwa tabasamu na mwajiri anayeuza tabasamu hilo. Muuguzi wa hospitali ya umma hutarajiwa kuwa nalo kwa sababu yeye ni mwanamke, ana wito, na vitabu vya sajili vimesema hivyo.

Utani wa chumba cha chai nao una nafasi yake. Wasioufahamu hukwazika wakiusikia, kwa kuwa hucheka mambo yasiyochekesha. Vilevile sala na wimbo mfupi kabla ya zamu ni desturi katika vituo vingi vya Kenya, vya misheni na vya serikali, na huwa mara nyingi ndiyo dakika pekee ambayo wauguzi wote husimama pamoja bila mgonjwa kati yao.

Nje ya lango kuna njia zisizo za maneno. Kuna vyama vya kuchangiana kila mwezi, kuna sacco ya kukopa karo, na katika nchi ya mahindi kuna shamba. Si ajabu likizo ya mwaka kuombwa wakati wa kupanda, mvua za Machi na Aprili zinapoanza. Wengine hufanya zamu za ziada katika hospitali za kibinafsi, na hapo kustahimili hugeuka kuwa kinyume chake, kwani mtu hukesha huku ili apate pesa, akarudi kule akiwa na usingizi. Na wengi wao wakifika nyumbani huanza zamu nyingine ambayo haina rejesta.

Kugoma na kuondoka

Kwa muda mrefu mgomo wa muuguzi ulichukuliwa kama jambo lisilofikirika, sawa na mama kugoma kunyonyesha. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kilimpa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Tarehe 5 Juni 2017, miezi mitatu tu baada ya mgomo wa madaktari wa siku 100 kumalizika, Chama cha Kitaifa cha Wauguzi wa Kenya, KNUN, kikiongozwa na katibu mkuu wake Seth Panyako, kiliwaita wanachama wake waache kazi katika kaunti zote. Kilichogombaniwa kilikuwa mkataba wa pamoja wa mishahara na marupurupu, ambao Tume ya Mishahara na Marupurupu iliupinga kwa gharama yake. Mgomo ulidumu hadi tarehe 2 Novemba, takriban miezi mitano. Waliokuwa na fedha walikwenda hospitali za misheni kama ile ya Lugulu na Misikhu katika Bungoma, au za kibinafsi. Wasio na fedha walibaki nyumbani.

Kwa mtazamo wa Lazarus na Folkman, mgomo ni kulikabili tatizo lenyewe. Ni kuacha kustahimili. Ndiyo maana huwaudhi watu kuliko kofi: jamii iliyozoea kumwona muuguzi akibeba humshangaa anapotua.

Wengine hutua kwa kuondoka. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wakafanye kazi huko. Baadaye mwaka huo Wizara ya Afya ilisema kwamba kati ya wauguzi 300 hivi waliofanya mtihani wa Kiingereza uliohitajika, 10 tu walifaulu. Magazeti yalicheka. Kwa wanafunzi wa lugha hakukuwa na la kuchekesha. Hawa ni watu waliofunzwa kwa Kiingereza tangu chuoni, wanaoandika faili zao zote kwa Kiingereza cha vifupisho na vipimo, kisha wanazungumza na wagonjwa kwa Kiswahili, Lubukusu au Kisabaoti siku nzima. Uhodari wao mkubwa ni kubeba maana kutoka lugha moja hadi nyingine kwa haraka, kwa mtu anayeogopa. Hakuna mtihani unaoupima uhodari huo, wala hakuna posho inayoulipa.

Ulimi mkali

Ukali wa wauguzi katika wodi za wazazi ulipochunguzwa nchini Kenya, mradi uliofanya kazi hiyo ulipewa jina la Kiswahili, Heshima. Uliendeshwa kuanzia 2011 katika vituo 13 vya afya. Mwanamke mmoja kati ya watano waliohojiwa walipotoka wodini alisema alitendewa isivyo heshima: alifokewa, alipigwa, aliachwa peke yake, au aliwekwa wazi mbele ya wengine bila kufunikwa. Kwa hiyo yaliyotokea Bungoma hayakuwa ya ajabu kwa aina yake. Ajabu yake ni kwamba yalirekodiwa.

Lenye kufaa zaidi kwa hoja yetu ni hatua zilizochukuliwa. Mradi haukuishia kuwafunza wauguzi adabu. Pamoja na mafunzo hayo na njia za kusuluhisha malalamiko ya akina mama, uliwapa wauguzi wenyewe ushauri nasaha, yaani nafasi ya kukaa na mtu na kuyazungumza yale wanayoyaona kazini. Chumba cha chai kilipewa kiti kimoja cha ziada. Baada ya hatua hizo kiwango cha wanawake waliolalamika kilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Vitanda havikuongezeka kwa kiasi hicho, na matokeo hayo yanaelekea kuthibitisha kwamba ulimi una sehemu yake inayoweza kurekebishwa hata kabla ya fedha kuja. Asilimia 13 iliyobaki nayo inakumbusha kwamba sehemu nyingine haiwezi.

Ripoti ya kupokezana zamu katika wodi ya Kenya huwa na nafasi ya idadi ya wagonjwa, waliolazwa, walioruhusiwa kwenda nyumbani, walioaga dunia, na walio katika hali mahututi. Muuguzi anayeondoka huisoma, anayeingia huisikiliza, na pale muda unaporuhusu hutembea pamoja kutoka kitanda hadi kitanda. Hakuna mstari wa aliyeiandika. Ushauri nasaha wa Heshima ulikuwa jaribio la kuuongeza mstari huo, na uliendeshwa katika vituo vya Nairobi, Kiambu, Nyandarua, Kisumu na Uasin Gishu. Uasin Gishu inapakana na Trans Nzoia. Agosti 2013, mama yule alipoanguka ushorobani, mradi ulikuwa ukiendelea upande wa pili wa mpaka huo.